Kanali Mbele ya Msimamizi Wake

Watu wengi hapa kwetu Bukene hudhani kwamba askari akishamaliza gwaride la kuhitimu amemaliza shule, na kwamba kinachobaki ni kupanda vyeo kwa miaka na kwa utii. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli zamani. Siku hizi ofisa anayetaka kufika mbali hurudishwa darasani akiwa na mvi kichwani. Huketi na daftari lake, huandika pendekezo la utafiti, hupangiwa msimamizi, na mwisho huitetea tasnifu yake mbele ya jopo kama kijana yeyote wa chuo kikuu. Mimi niliyemaliza maisha yangu ya kazi nikisahihisha madaftari nimelifuatilia jambo hili kwa hamu kubwa kuliko wastaafu wenzangu wanavyofuatilia bei ya mpunga, nami naomba msomaji anivumilie nieleze kwa nini.

Jeshi huendeshwa kwa amri, na mwenye cheo kikubwa ndiye mwenye neno la mwisho. Ni lazima iwe hivyo, maana risasi haingoji mjadala. Elimu ya juu huendeshwa kwa ushahidi, na mwenye ushahidi ndiye mwenye neno la mwisho hata akiwa mdogo wa umri na hana cheo chochote. Ukiziweka taratibu hizi mbili chini ya paa moja, itafika siku ambapo kanali ataambiwa na mtu asiye hata na V moja mkononi, "Afande, sura hii haijathibitishwa, iandike upya." Kinachotokea baada ya maneno hayo ndicho kinachoonyesha kama chuo hicho ni chuo kikuu kweli au ni kambi yenye maktaba.

Sisi watu wa Tabora tuna sababu yetu ya kuifikiria elimu ya maofisa. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na siku iliyofuata uasi ukafika kwenye batalioni ya pili hapa Tabora. Nilikuwa bado shule ya kati. Habari zilitufikia Bukene kwa njia ya reli, kama habari zote za wakati ule, na kila abiria aliyeshuka stesheni alikuwa na toleo lake. Askari walidai mishahara mizuri zaidi, na walidai pia maofisa wa Kiingereza waondoke, Waafrika washike nafasi zao. Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza waliitwa kuuzima uasi, jambo lililomuumiza sana Mwalimu Nyerere, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo likaundwa jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Dai la pili lilikuwa zito kuliko lilivyosikika. Maofisa wa Kiafrika waliosomeshwa walikuwa wa kuhesabika. Aliyekabidhiwa jeshi jipya, Mrisho Sarakikya, alikuwa kijana aliyepitia Sandhurst kule Uingereza, na wakati wa uasi alikuwa hapa hapa Tabora. Sandhurst ya siku zile haikutoa shahada. Ilitoa uofisa, na hilo lilitosha kumfanya mtu mmoja aonekane mlima katikati ya mbuga. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1970 wakufunzi wa kijeshi kutoka Kanada walikuja kulisaidia jeshi letu, baadaye wakaja Wachina. Nchi iliyopatwa na mshtuko kama ule haikuweza tena kusema kwamba elimu ya ofisa ni pambo.

Lakini kumsomesha ofisa awe ofisa ni jambo moja, na kumsomesha awe mtafiti ni jambo jingine. Katika la kwanza anafundishwa kutoa na kupokea amri. Katika la pili anafundishwa kutilia shaka, na kuanza na mambo anayoyaamini mwenyewe.

Wazo la kutenganisha kazi hizi mbili si la jana. Waprusi walipopigwa vibaya na Napoleon mwaka 1806 waliona kwamba ushujaa bila maarifa umewaponza, na mwaka 1810, kwa fikra za Jenerali Scharnhorst, wakafungua Berlin shule ya juu ya maofisa iliyokuja kujulikana kwa jina la Kriegsakademie. Mwaka 1818 akateuliwa kuiongoza Carl von Clausewitz, meja jenerali, mtu ambaye vyuo vyote vya kijeshi duniani humsoma hadi leo. Msomaji angetarajia kwamba bingwa kama huyo ndiye aliyepanga nini kifundishwe. La hasha. Alipewa utawala tu, yaani nidhamu, majengo na hesabu. Masomo yalikuwa chini ya tume ya walimu na wataalamu ambayo yeye hakuwa na amri juu yake. Alikaa kwenye kiti hicho miaka 12, akitumia muda wake kuandika kitabu chake kikubwa kuhusu vita, ambacho mjane wake Marie alikitoa mwaka 1832, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Nimeitafakari habari hiyo mara nyingi. Kwa upande mmoja ni dhuluma, kumnyima Clausewitz ubao na chaki. Kwa upande mwingine ni busara, kwa sababu walioipanga shule walijua kwamba si kila mkuu atakayekuja atakuwa Clausewitz. Mimi nimefanya kazi chini ya wakuu wa aina nyingi, nikawa mkuu mwenyewe, na ningeupigia kura mpango wa Waprusi.

Wakanada wameuandika mpango kama huo wazi zaidi. Chuo chao cha Kijeshi cha Kifalme pale Kingston, Ontario, kilianza mwaka 1876, lakini kilipata uwezo wa kutoa shahada kwa sheria ya jimbo la Ontario ya mwaka 1959. Waziri wa Ulinzi, kwa wadhifa wake, ndiye Mkuu wa Chuo. Chini yake wapo watu wawili. Yupo Kamanda, ambaye ni ofisa wa jeshi na ndiye mwenye gwaride, mabweni na nidhamu. Yupo pia mkuu wa taaluma, ambaye ni mwanazuoni raia, na kwa upande wake kuna seneti, wahadhiri, na mkuu wa masomo ya uzamili na uzamivu. Ofisa akichelewa kuamka anajibu kwa Kamanda. Akiandika jambo lisilo na ushahidi anajibu kwa msimamizi wake, na Kamanda hana mamlaka ya kumpunguzia adhabu hiyo.

Hapa kwetu Afrika Mashariki njia zimekuwa mbalimbali. Kenya, kwa miaka mingi, maofisa waandamizi waliosoma katika Chuo cha Taifa cha Ulinzi pale Karen walifanya shahada zao za uzamili kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Nairobi. Nyumba ilikuwa ya jeshi, shahada ilikuwa ya raia. Mwaka 2021 Kenya ikakipa hati Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, kikavikusanya vyuo vya kijeshi vya nchi hiyo chini ya mwavuli mmoja, na sasa jeshi lina chuo kikuu chake lenyewe. Kwetu Tanzania, Chuo cha Taifa cha Ulinzi kilichopo Kunduchi kilianza kozi yake ya kwanza mwaka 2012, na huwapokea maofisa waandamizi pamoja na watumishi waandamizi wa serikali na wageni kutoka nchi rafiki, wakakaa pamoja karibu mwaka mzima. Kipo pia Chuo cha Ukamanda na Unadhimu pale Duluti, na Monduli, ambako vijana hupata uofisa, katika miaka ya karibuni kumeanza kutolewa shahada ya kwanza ya sayansi ya kijeshi.

Kuchanganya raia na askari katika darasa moja ni jambo zuri kuliko wengi wanavyofikiri. Mkurugenzi wa wizara hana mazoea ya kukaa kimya brigedia anapokosea hesabu za bajeti. Anainua mkono. Baada ya miezi miwili brigedia naye huzoea kuona mikono ikiinuliwa.

Kwa msomaji ambaye hakupitia masomo ya uzamili, nieleze kwa ufupi jinsi mambo yanavyokwenda. Mwanafunzi huandika pendekezo, yaani swali lake, waliokwisha kusema nini juu yake, na namna atakavyolijibu. Kamati ya masomo ya uzamili hulipitisha au kulikataa. Akipita hupewa msimamizi, ambaye husoma kila sura na kuirudisha ikiwa na maandishi pembeni. Kazi ikikamilika hupelekwa kwa watahini, mmoja wao akiwa mtahini wa nje, mtu wa chuo kingine asiyekula chumvi ya nyumba hiyo. Mwisho ni utetezi, na matokeo huthibitishwa na seneti. Hapa Tanzania juu ya hayo yote ipo Tume ya Vyuo Vikuu, iliyotokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, inayokagua kama chuo na programu zake vinastahili.

Katika chuo cha raia ngazi hizi ni taratibu za kawaida tu. Katika chuo cha kijeshi kila ngazi ina kivuli cha cheo. Mwenyekiti wa kamati anaweza kuwa mdogo kwa cheo kuliko mwanafunzi. Mwanafunzi anaweza kuhamishwa katikati ya utafiti kwa amri ya siku mbili, akaenda mpakani na sura ya pili ndani ya begi. Na msimamizi raia anaweza kujikuta anamwita mwanafunzi wake "afande" kabla hajamwambia kwamba takwimu zake hazina miguu.

Kivuli hicho nilikiona mapema, tena katika mambo madogo sana. Miaka ya 1970, wakati wa kampeni ya elimu ya watu wazima, nilifundisha darasa la jioni lililokuwa na askari kadhaa. Koplo mmoja alimpita sajini wake katika imla kwa alama nyingi. Jioni ile sajini alibaki nyuma, akaniomba kwa upole kwamba kuanzia siku hiyo matokeo yasisomwe kwa sauti. Alikuwa mtu mwema, hakutaka kumdhuru koplo. Alitaka tu kesho asubuhi kwenye gwaride sauti yake iwe na uzito ule ule. Nikaanza kurudisha madaftari yakiwa yamefungwa. Alama hazikubadilika, na koplo akaendelea kumpita mpaka mwisho wa mwaka.

Miaka mingi baadaye jambo lile lile lilinijia nyumbani likiwa limevaa nguo kubwa zaidi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa meja, na jeshi lilimpeleka kusoma uzamili katika chuo kimoja cha kijeshi ambacho sitakitaja. Alichagua kuandika juu ya Mtemi Mirambo wa Urambo na vita vya kuifunga njia ya misafara, vilivyoanza mwaka 1871. Nilifurahi sana. Njia ile ya kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilibebwa mabegani na babu zetu, Wanyamwezi wapagazi, na tawi lake la kwenda kaskazini lilipita katika nchi yetu hii ya Nzega. Miembe mikongwe ya Tabora bado inawakumbuka watu wale.

Siku moja alishuka kwenye gari na bahasha kubwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona uso umekunjamana kama umekosa likizo?"

"Mjomba, wamenipa msimamizi mwanamke, raia, kaazimwa kutoka chuo kikuu kingine. Hajawahi kushika hata bunduki ya upepo. Sura yangu ya tatu ameichora yote nyekundu."

Nilimwambia anywe chai kwanza. Dada yako mdogo, nikamwambia, ametengeneza michembe. Kisha nikavaa miwani nikaisoma sura ile ya tatu. Mpwa wangu alikuwa ameandika kwamba Mirambo aliingia vitani na ruga-ruga elfu kumi, na juu ya idadi hiyo akajenga hesabu nzima ya ugavi, yaani chakula, baruti, mwendo wa siku. Pembeni yule dokta ameandika neno moja: "Chanzo?" Chini yake, pale mpwa wangu alipomtegemea Stanley, ameandika kwa kirefu kidogo kwamba Stanley hakuwa mtazamaji tu, alipigana upande wa Waarabu wa Tabora mwezi Agosti 1871, na upande huo ulishindwa, je, mtu aliyekimbia huwahesabu vipi waliomkimbiza?

Nilicheka kwa sauti. Mpwa wangu hakucheka.

Alikuwa amekuja kwa mambo mawili. La kwanza, alitaka nimpe masimulizi ya wazee yatakayoithibitisha ile elfu kumi. La pili, alikuwa amemwandikia mkuu wa chuo, kwa kufuata mnyororo wa amri kama alivyofundishwa, akiomba abadilishiwe msimamizi apewe ofisa "anayeelewa mambo ya vita". Barua ilikuwa imerudi. Jibu lilikuwa mistari mitatu: mabadiliko ya msimamizi hushughulikiwa na kamati ya masomo ya uzamili, kwa sababu za kitaaluma zilizoandikwa, na msimamizi husikika kabla ya uamuzi. Mkuu wa chuo, jenerali mwenye uwezo wa kumhamishia popote nchini kesho yake, alikuwa amekataa kuugusa wino mwekundu wa mwalimu raia.

Sikumjua jenerali yule, wala sijakutana naye hadi leo. Lakini mistari ile mitatu ilinionyesha kwamba chuo kile kilikuwa na uti wa mgongo. Fikiria kingetokea nini kama angekubali. Mpwa wangu angepata msimamizi wa cheo cha chini yake, au rafiki wa kozi moja. Elfu kumi ingepita. Miaka kumi baadaye meja mwingine angeinukuu, safari hii ikiwa na chanzo, yaani tasnifu ya mpwa wangu.

Kuhusu wazee, nilimwambia nilichosikia kwa bibi yangu, ambaye naye alikisikia kwa mama yake: kwamba ruga-ruga walipita wakati wa mavuno, na watu walilala porini siku nyingi. Hakuna aliyewahesabu. Mtu aliyejificha kwenye vichaka na mtoto mgongoni hahesabu.

"Sasa niandike nini, mjomba?"

"Andika kilichoacha alama. Stanley alifika Ujiji kwa njia gani?"

Akafikiri. Hapo ndipo uso ulipofunguka. Stanley hakufuata njia ya kawaida. Njia ilikuwa imefungwa, akalazimika kuzunguka mbali upande wa kusini ndipo akamfikia Livingstone. Mzunguko ule unaweza kupimwa kwenye ramani, kwa siku na kwa mizigo. Mirambo aliuingia mji wa Tabora mwezi ule wa Agosti akauchoma sehemu, Khamis bin Abdallah akauawa. Sultani Barghash wa Unguja alituma askari wake baadaye, hawakufua dafu. Aliyepata maelewano na Mirambo alipita, na Tippu Tip, katika kitabu cha maisha yake, anaonyesha jinsi urafiki wa namna hiyo ulivyokuwa na faida. Hayo yote yanasema juu ya nguvu ya Mirambo kuliko idadi yoyote ya kubuni. Mpwa wangu aliiandika upya sura ya tatu kwa miezi minne. Ilimgharimu, maana alikosa mahafali ya mwaka ule, na wenzake wawili wa kozi moja walipandishwa cheo kabla yake. Mama yake alininunia kwa muda kwamba nimemshauri mtoto kinyume na maslahi yake.

Wapo wanaosema kwamba ofisa akizoea kuhoji ataharibu utii. Sioni mifano ya kuunga mkono hofu hiyo. Mmarekani H. R. McMaster aliandika utafiti wake wa udaktari akiwa ofisa kazini, katika chuo kikuu cha raia cha North Carolina, na ndani yake akawalaumu waziwazi wakuu wa majeshi wa nchi yake kwa kunyamaza mbele ya wanasiasa wakati wa vita vya Vietnam. Kilitoka kuwa kitabu mwaka 1997. Mwandishi wake alifika luteni jenerali, na mwaka 2017 akawa mshauri wa usalama wa taifa. Na hapa kwetu, mwaka 1971 kilichapishwa kitabu chenye insha ya kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Yoweri Museveni, aliyekwenda Msumbiji kwenye maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO ili kupima kama nadharia ya Fanon kuhusu matumizi ya nguvu inasimama. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na yote aliyoyafanya Museveni baadaye akiwa mpiganaji na mtawala, lakini mtindo wa kwenda kuona kwanza ndipo uandike ni mtindo sahihi.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko cheo ni siri. Jeshi lina siri zake halali, nami sidai zimwagwe sokoni. Lakini tasnifu inayofungwa kabatini siku ya utetezi haina msomaji wa kuikosoa, na kosa lililomo ndani yake litakaa humo likiwa limepigwa mhuri. Vyuo vingine hutatua jambo hili kwa kumtaka mwanafunzi atumie vyanzo vya wazi peke yake. Ni kanuni ngumu, inamnyima ofisa mambo anayoyajua vizuri kuliko wote, lakini naiona bora kuliko kabati.

Mpwa wangu aliitetea kazi yake mbele ya jopo lililoongozwa na brigedia. Mtahini wa nje alimuuliza kwa nini Waarabu wa Tabora, waliokuwa na bunduki na fedha, walishindwa kuifungua njia kwa miaka kadhaa. Akajibu kwa dakika kumi bila kutaja idadi hata moja ya ruga-ruga. Alipewa masahihisho madogo, akafaulu. Kwa kuwa mambo yenyewe ni ya mwaka 1871, tasnifu yake iko wazi kwenye rafu, na nakala moja ninayo hapa Bukene. Za wenzake wawili, zinazohusu mipaka ya sasa, zimefungwa. Nilimuuliza zimesomwa na watu wangapi. Alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na kidole kimoja kikabaki.